Nililamba Matofali kwa Mshahara wa Serikali

Vijana mnaoingia kazi ya maji siku hizi mnanipa shikamoo nzuri, halafu mnaniuliza nilisomea wapi. Niulizeni nimelamba matofali mangapi. Idadi siijui, ila ladha ya tofali la Kizota na la Nzuguni naijua, na mkinifunga kitambaa machoni leo hii nitawatofautishia. Ujuzi huo niliupata nikiwa mtumishi wa umma, nimevaa sketi ya kazini na kalamu mbili mfukoni.

Jina langu Zuhura. Nimezaliwa hapahapa Makole. Babu wa babu yangu alitoka Unyamwezini na misafara ya zamani, mzigo wa mtu mwingine kichwani, akafika Dodoma akachoka, akakaa. Sisi tumekaa naye mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa ufundi sanifu wa maabara ya maji, na adui yangu kwa miaka mingi alikuwa floraidi.

Floraidi haionekani, hainuki, haina ladha. Imo kwenye mawe ya chini, na mkichimba kisima kirefu inapanda pamoja na maji. Kidogo haina neno. Ikizidi, mtoto anayekua akiinywa meno yake yanaota ya kahawia, na ikizidi zaidi miguu inapinda. Kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua na yenyewe inabaki palepale sufuriani. Nimelisema hilo maisha yangu yote, na bado kila nyumba ninayoingia naonyeshwa sufuria kwa fahari: "Sisi tunachemsha, mama." Halafu hayohayo maji wanapikia mlenda kwa magadi, ambayo nayo yana floraidi yake. Nilishagombana na watu wazima kwa ajili ya mlenda.

Basi, kulikuwa na kitongoji kimoja mbele ya Nzuguni, siku hizo huko ni mashamba ya mtama na vumbi. Sikitaji jina, wasije wakasema natangaza meno ya binti zao. Kisima chao kilikuwa na maji mengi, na floraidi ya kutisha. Huko nikakutana na Mama Yoeli. Alikuwa na watoto watatu, na wote wakicheka wanaziba mdomo kwa kiganja. Yoeli mwenyewe, mkubwa wao, alitembea kwa matege. Mgongoni mama alikuwa na wa nne, Ester, hajaota hata jino moja. Mama Yoeli hakuniuliza habari za kemia. Alimgeuza mtoto nimwone uso, akasema, "Na huyu?"

Nikamjibu, "Huyu hapana. Huyu tutamwahi."

Msiahidi hivyo, wanangu. Mwambieni mtu mtajaribu. Mimi nilikuwa sijajifunza bado, na mtoto alikuwa ananichekea kwa fizi.

Zilikuwa enzi za ruksa. Bidhaa zilijaa madukani, ofisi zikabaki tupu. Chujio la kigeni tulilopewa liliharibika kijisehemu kimoja kidogo, na kijisehemu hicho kilipatikana nchi moja tu duniani. Tukaambiwa tutafute njia ya kienyeji. Tulianza na mifupa ya machinjioni, kwa sababu mifupa ikichomwa vizuri inashika floraidi. Kikao cha kwanza cha wananchi kikauliza ng'ombe wamechinjwa na nani. Cha pili kikauliza tuna uhakika gani kwamba hakuna mfupa wa nguruwe uliojipenyeza. Cha tatu hakikufanyika. Ndipo tukahamia kwenye matofali, ambayo hayana dini.

Siri ya tofali ni hii, na msiidharau kwa kuwa imetoka kwa bibi. Tofali bichi ukiliweka majini linarudi kuwa tope. Tofali lililoiva sawasawa, ambalo ukiligonga linalia, ni zuri kwa nyumba na kwa kazi yetu halifai kabisa, kwa sababu moto umeshaziba vitundu vyake. Tunalolitaka ni la katikati, lililokaa pembezoni mwa tanuru moto ukalipitia kwa mbali. Ukiligonga linajibu "du", kama mtu aliyeamshwa hataki. Hilo limejaa vitundu vidogo usivyoviona kwa macho, na floraidi ikipita humo inang'ang'ania. Unalivunja vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, unaviosha mpaka maji yatoke safi, unajaza pipa. Maji unayaingizia chini yapande taratibu, siyo kuyamwaga juu kwa kishindo. Mwenye haraka akauze soda.

Na vipande ukishaletewa kwenye gunia, huwezi tena kuvigonga, utavijuaje? Unavilamba. Chenye vitundu kinanyonya mate na kunata ulimini. Kilichoiva sana, ulimi unateleza juu yake kama kwenye sahani.

Mchomaji wangu alikuwa Mzee Ndahani wa Kizota. Mgogo mrefu, ana kofia ya pama iliyoungua ukingo, na hakuna mjenzi mjini aliyethubutu kuyasema vibaya matofali yake. Siku ya kwanza nilimkuta anapanga tanuru.

"Shikamoo mzee. Nataka matofali."

"Marahaba. Haya hapa. Gonga usikie mwenyewe."

"Hayo sitaki. Nataka yale mabovu."

Akatazama nyuma yangu, kama kuna mtu mwingine aliyesema. "Mabovu yapi?"

"Yale uliyoyatupa kule pembeni."

"Yale siuzi, mama. Yale hata kuyaangalia naona haya."

"Nitalipa bei ya mazuri."

Mzee akaketi juu ya gogo. "Samahani, wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Aaa," akasema, uso ukamkunjuka. "Mtani. Basi sawa, nilidhani unaumwa."

Kwa sababu ya utani huo tukapatana. Kila nikifika ananiita mzigo wa msafara, nami namwita ombaomba, halafu nachutama mbele ya gunia na kulamba. Kipande hiki ndiyo, hiki hapana, hiki ndiyo. Pipa la kwanza likafanya kazi vizuri ajabu. Nilipima maji yanayoingia na yanayotoka, nikacheka peke yangu maabara. Kila baada ya wiki chache vitundu vinajaa, tunabadilisha vipande, tunaendelea. Mama Yoeli alimpa Ester maji ya pipa tu, na akapachika kikombe chake peke yake ukutani ili wakubwa zake wasikichukue.

Sasa, mwanamke akionekana hadharani analamba udongo, hapa kwetu kuna maana moja. Mama lishe wa Kizota walianza kunikalisha kwenye kigoda. Mzee Ndahani akaniwekea tofali laini, amelifunga kwenye gazeti: "Hili la kwako mwenyewe, ukale nyumbani." Ijumaa moja mume wangu Shabani akatoka msikitini amepewa hongera na watu sita. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa kidato cha pili. Kabla hatujamaliza kukanusha, mama mkwe akashuka kutoka Tabora na kuku wawili na khanga mpya, akasema hataondoka mpaka ajifungue mtu. Miezi ikapita, tumbo halionekani. Watu wakaacha kunipa hongera, wakaanza kunipa pole. Walikuja kabisa nyumbani, wakakaa mkekani, wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa.

Shabani alikuwa na mambo yake mengine ya kuchekwa. Alikuwa na duka Makole, na enzi zile za ruksa alipanga rafuni dawa za meno kutoka kila pembe ya dunia, kila boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani mna floraidi. Mtaa mzima ukasema mke anaitoa, mume anaiuza. Niliwaeleza mpaka koo likakauka: chumvi kwenye maharage ni nzuri, lakini nani anakula gunia la chumvi? Dawa ya meno unapaka kidogo na kutema, maji unameza kutwa nzima. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakamuuliza Shabani kama tunagawana faida.

Jioni moja Shabani akaniambia, "Zuhura, nimevumilia. Fanya kazi yako yote, lakini usilambe tena mbele za watu."

Nikaacha. Niliona haya, ndiyo ukweli wenyewe. Nikajiambia Mzee Ndahani ameshalijua tofali langu, gunia likija nalipokea hivihivi. Tena nilikuwa na kipimo cha maabara, kwa nini nitumie ulimi kama mbuzi?

Kipimo chenyewe kilikuwa dawa nyekundu, na mkumbuke inavyofanya kazi. Ukiidondoshea maji yenye floraidi nyingi, wekundu unapauka. Maji yakiwa safi, wekundu unabaki. Dawa hiyo iliagizwa nje, na kwa hali ya ofisi yetu ikawa haiagizwi tena. Nikabaki na chupa moja, imejaa kama robo. Wakati huohuo ikaja barua kwamba mradi utazinduliwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi atapenda kuona kipimo kikifanyika mbele ya wananchi. Nikaifungia chupa kabatini nimtunzie mgeni.

Mgeni akaahirisha. Akapanga tena, akaahirisha. Mara nne. Miezi saba chupa ilikaa kabatini nami nazunguka na ufunguo shingoni, najiona mtunzaji hodari. Miezi hiyo saba magunia yalikuja, pipa likajazwa, na Ester, aliyekwisha kutimiza miaka miwili, akawa anakwenda bombani mwenyewe na kikombe chake.

Siku ikafika. Turubai, viti vya kukodi, ngoma, kwaya, mbuzi wa zawadi ya mgeni amefungwa, anangoja kukabidhiwa. Mheshimiwa akaketi mbele, meza ina kitambaa na glasi mbili. Hii maji ya kisima, hii maji ya pipa. Nikafungua chupa yangu kwa mkono wa kulia, nikadondosha kwanza kwenye maji ya kisima. Wekundu ukapauka, kama nilivyotaka. Nikadondosha kwenye maji ya pipa.

Ukapauka vilevile.

Nikatikisa glasi. Nikaiangalia kwa jua. Nikaongeza tone jingine, nalo likapauka. Glasi zile zilikuwa mapacha.

Mheshimiwa akasimama na kupiga makofi. "Ndugu wananchi!" akasema. "Mmeona wenyewe! Ule wekundu umetoka kote kote! Maji ya mradi safi, na maji yetu ya kisima nayo safi!"

Vigelegele. Nikasema, "Mheshimiwa, hapana, samahani—" lakini mshereheshaji akanipokonya kipaza sauti. "Mtaalamu wetu amezidiwa na furaha! Mpigieni makofi!" Ngoma ikaanza. Watu wote walikuwa wanatazama glasi, isipokuwa Mama Yoeli. Yeye alikuwa ananitazama mimi usoni.

Nilikwenda kwenye pipa, nikachota kipande kimoja cha tofali, nikakitia mdomoni mbele ya meza kuu. Ulimi ukateleza. Nikachukua cha pili, ukateleza. Nyuma yangu nikamsikia mheshimiwa akimnong'oneza msaidizi wake, "Mpe hongera, kumbe ni mjamzito." Nikafunga koki kwa nguvu zote na kuikumbatia ili mtu asichote. Mpiga picha akadhani ni sehemu ya ratiba. Picha ile ilitundikwa ofisini kwetu miaka mingi: mimi nimekumbatia koki, machozi yananitoka, na chini wameandika "Furaha ya Mtaalamu".

Nikatoka pale mpaka Kizota na vumbi langu.

"Mzee Ndahani, umenifanya nini?"

"Nimefanya nini, mtani?"

"Umeniletea matofali mazuri!"

Nasema kweli, nilimpigia kelele mtu kwa kosa hilo, na wachomaji wenzake wakasimama kusikiliza. Mzee hakukana. Alinyoosha mgongo.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuona unaokota takataka kwa ajili ya watoto. Nikasema, serikali imemtupa huyu mama, hela hana, anaona haya kuniambia. Nikawa nakuchomea mara mbili. Kuni zangu mwenyewe. Sikutaka unishukuru, ndiyo maana nikakuvunjia kabisa, usijue."

Nikakaa juu ya gogo lake. Nikamweleza habari ya vitundu pole pole, kama ninavyowaeleza nyinyi, jambo ambalo kwa miaka miwili sikuwahi kumweleza. Nilikuwa nampa amri tu, bila sababu, kwa kuwa mimi mtaalamu na yeye mchoma matofali. Alivua kofia yake. Siku hiyo hakunitania.

"Kwa hiyo wema wangu ndio waliounywa?" akauliza.

"Wema wako, na haya yangu, na chupa yangu," nikamwambia.

Wiki hiyohiyo alijenga tanuru dogo nyuma ya choo chake, wenzake wasione, na humo akawa ananichomea matofali mabovu kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia kwa mazuri. Mimi nikarudi kulamba, barabarani, mchana kweupe. Mama mkwe akafunga mzigo wake akarudi Tabora, akasema mwanawe ameoa kichuguu.

Lakini kabla ya yote hayo, kesho yake asubuhi, nilikwenda kwa Mama Yoeli. Alikuwa anapepeta mtama. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, hata habari ya chupa ya kabatini. Hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza.

"Miezi mingapi?"

"Saba."

Akamwita Ester, akamfungua mdomo kwa vidole viwili. "Mbona meupe?"

"Haya ni ya utotoni, yatang'oka. Ya ukubwani yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi. Hatutayaona mpaka afike miaka saba."

"Kwa hiyo tungoje."

"Tungoje."

"Na wewe utakuwepo? Au mtahamishwa, kama kawaida yenu?"

Nikamwambia nitakuwepo. Nilipewa uhamisho mara mbili baada ya hapo, mara zote mahali pazuri, na mara zote nikaukataa. Wakubwa zangu hawakuelewa, na mimi sikujua namna ya kuandika kwenye barua ya serikali kwamba naomba kubaki Dodoma kwa kuwa nangoja meno ya mtoto. Miaka mitano nilikwenda kitongojini kila mwezi. Nilipima kila nilipopata dawa, na isipopatikana nililamba. Kila mara nilimwangalia Ester mdomoni kwa wizi, akipiga mwayo au akila muwa. Watoto waliozaliwa nyuma yake walianza kuota meno meupe. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikunikaa vizuri.

Siku moja Mama Yoeli akatuma ujumbe: yameota. Nikampitia Mzee Ndahani Kizota, kwa sababu alinisihi nisiende bila yeye. Alivaa shati jeupe kama anakwenda kuposa. Tukamkuta Ester kwenye kigoda uani, mama yake amesimama nyuma yake.

"Wafungulie wageni," akasema Mama Yoeli.

Ester akafungua. Meno mawili ya mbele ya juu, mapana, mapya. Kwenye ncha meupe. Kwenye fizi meupe. Katikati, kwenye yote mawili, mstari wa kahawia umepita sawasawa, kama umepigwa kwa rula. Miezi saba ilikuwa pale, siwezi kuikosea hata nikitaka. Sijawahi kuona kipimo cha maabara kilichosomeka wazi namna ile.

Mzee Ndahani akainama na miwani yake, akatazama kwa muda. "Mstari huu ni wangu," akasema.

"Wako kwa lipi? Mimi ndiye niliyefunga kabati."

"Nani alichoma tofali?"

"Nani alipokea gunia bila kuangalia?"

"Usininyang'anye kosa langu, Mnyamwezi wewe! Kila kitu mnataka kubeba nyinyi!"

"Nifunge?" akauliza Ester, mdomo wazi, mate yanamtoka.

"Subiri, mwanangu," akasema Mama Yoeli. "Wakubwa bado wanagombania." Na yule mama, ambaye nilikuwa namwogopa miaka mitano, akageukia ukutani, mabega yakamtikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka, na sijathubutu kumuuliza.

Nikapiga magoti mbele ya mtoto. Nikamwambia, "Ester, mstari huu nimekuwekea mimi. Nilikuwa na dawa ya kupimia, nikamtunzia mgeni. Nisamehe."

Alipitisha ulimi juu ya meno yake, huku na huku, anatafuta hicho ninachokisema. Akatikisa kichwa.

"Hauumi, mama," akasema. "Sasa nifunge?"

Nikamwambia afunge. Wanangu, yeye haumuumi. Mimi ndiye unayeniuma, mpaka leo.